Karatasi tatu na mtoto aliyefanywa mkalimani: uchambuzi wa kisa cha familia ya Kitanzania Japani

Kabla ya kuanza

Familia ninayoieleza hapa iliishi katika mji mmoja wa chuo kikuu kwenye tambarare ya Kanto, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa treni kutoka Tokyo. Majina nimeyaacha. Fani ya masomo ya baba, kazi ya baadhi ya watu na mambo mengine madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha au nimeyaondoa. Wazazi wote wawili wamesomewa maandishi haya wakaridhia. Binti yao naye aliulizwa. Aliomba jambo moja litolewe, nami nimelitoa.

Mimi niliingia katika kisa hiki kama mkalimani wa kujitolea, nikiitwa na jumuiya ya mji ya kuwasaidia wageni. Ninakiandika kwa ajili ya familia zinazojiandaa kumfuata mzazi aliyetangulia masomoni. Habari za Japani tunazoletewa ni za treni zinazofika kwa dakika na maua ya sakura. Habari za dari, ngazi na sanduku la barua hazisimuliwi sana, na ndizo nilizoona zikiwaliza watu.

Usuli

Baba alifika mwezi wa Oktoba kwa ufadhili wa masomo ya uzamivu. Alikaa bweni la chuo kwanza, kisha akaanza kutafuta nyumba ya familia. Alihangaika. Mawakala wawili walimwambia waziwazi kwamba mwenye nyumba hapangishi kwa wageni. Wa tatu alimpatia nyumba, lakini ilibidi alipe amana, alipie kampuni ya kumdhamini, na atoe *reikin*, fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi. Kwa namna alivyohangaika, alipopewa ufunguo hakuuliza maswali mengi.

Nyumba yenyewe ilikuwa *apato*: jengo la mbao la ghorofa mbili, milango minane, ngazi ya chuma kwa nje. Wajapani hutofautisha apato na *manshon*, jengo la zege. Sisi zote tungeziita fleti, lakini tofauti hiyo ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata. Katika apato ya mbao kijiko kikianguka juu, aliye chini anajua kimeangukia chumba gani. Familia hii ilikuwa juu.

Mama na watoto wawili walifika mwishoni mwa Februari. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka 11. Mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kusoma alijikuta dukani hawezi kutofautisha mfuko wa chumvi na wa sukari. Aliniambia kwamba jambo hilo lilimuumiza kuliko baridi. Mtoto wa kiume alikuwa na miaka miwili na nusu, mwenye afya, mkimbiaji. Mji ulikuwa na uhaba wa nafasi za *hoikuen*, kituo cha kulelea watoto wa wazazi walio kazini, na kwa kuwa Mama hakuwa na kazi bado, jina la mtoto liliwekwa chini kabisa kwenye orodha ya kusubiri. Kwa hiyo mtoto akabaki nyumbani na mama yake, siku nzima, katika vyumba viwili na jiko.

Binti, mwenye miaka minane, aliingia shule ya msingi ya mtaa mwezi wa Machi, na Aprili mwaka wa shule ulipoanza akapanda darasa la tatu. Alikuwa na mwalimu maalumu wa Kijapani aliyemtoa darasani vipindi vichache kwa wiki. Aliishika lugha haraka. Mwezi wa Mei alikuwa akiwajibu wauzaji dukani, Juni ndiye aliyekuwa akipokea simu ya nyumbani. Shule ya msingi ya Japani hutuma karatasi karibu kila siku: orodha ya chakula cha mwezi, siku ya kupimwa meno, ombi la vitambaa vya kufutia vilivyoshonwa, tangazo la zoezi la tetemeko ambapo mzazi huenda kumchukua mtoto. Binti alizisoma zote mezani jioni, na Mama akafuata alivyoambiwa. Hakuna kikao kilichokaliwa ili kumfanya mtoto mkalimani wa nyumba. Ilitokea tu.

Yaliyotokea

Karatasi ya kwanza kati ya tatu za kisa hiki ilikuja Juni. Ilikuwa nusu ukurasa, imetumbukizwa katika kila sanduku la barua la jengo na kampuni inayosimamia nyumba. Juu iliandikwa: kwa wakazi wote. Binti aliitazama akasema, "Ni mambo ya takataka." Hakusema uongo. Karatasi za kampuni hiyo zilizokuja kabla ya hapo zilihusu takataka kweli, naye alikuwa na miezi minne tu nchini, akakisia.

Mama akaanza kuzishughulikia takataka. Japani kila mtaa una siku yake ya takataka za kuungua, siku ya chupa na makopo, siku ya karatasi, na mfuko uliokosewa huachwa pale pale na kibandiko juu yake, kila mpita njia auone. Mama alikuwa ameshaachiwa mfuko namna hiyo mara moja, mwezi wa Machi, na aliirudisha aibu yake juu kwa ngazi mchana kweupe. Baada ya karatasi ya Juni alijipangia utaratibu: chupa ya plastiki inasuuzwa, kizibo kinawekwa kando, lebo inachunwa kwa kucha mpaka ibaki safi, kisha chupa inakanyagwa. Nilipoitembelea nyumba hiyo baadaye niliona vizibo vimepangwa dirishani kwa rangi. Nadhani hakukuwa na mtu katika mtaa ule aliyechambua takataka kama yeye.

Miguu ya mtoto ikaendelea kukimbia kutoka mlangoni hadi dirishani, na kurudi.

Julai, mama mmoja aliyekaa chini yao, mtu wa makamo anayekaribia miaka sitini, alikutana na Mama ngazini. Akainamisha kichwa, akatabasamu, akasema: *Okosan, genki desu ne.* Mtoto wako ni mchangamfu, mwenye nguvu. Mama aliifahamu sentensi ile, akafurahi. Akashukuru kwa kuinama vizuri, akamsukuma mtoto mbele asalimie. Waliambiana maneno hayohayo mara tatu katika kiangazi kile. Agosti kukaanza kusikika kugongwagongwa chini ya sakafu, ngo ngo ngo, asubuhi. Mama alidhani kuna ukarabati.

Karatasi ya pili ilikuja Septemba. Safari hii ilibandikwa pia kwenye ubao karibu na masanduku ya barua. Bado iliandikwa kwa wakazi wote. Lakini Binti alikuwa amekwishasonga. Katika darasa la kwanza mtoto wa Kijapani hujifunza kanji 80, yaani alama za maandishi ambazo kila moja ina maana yake, na katika la pili 160. Binti alikuwa anamalizia zile 80. Katika karatasi nzima iliyojaa maandishi ya watu wazima, kulikuwa na neno moja lililoandikwa kwa kanji mbili za darasa la kwanza: *ashi*, mguu, na *oto*, sauti. *Ashioto.* Kishindo cha miguu. Neno alilolielewa ndilo lililokuwa kiini cha barua.

Mama akauliza, "Wanasemaje?"

"Takataka tena."

Kuanzia siku hiyo Binti akawa polisi wa nyumba. Akirudi shuleni anatembea kwa ncha za vidole, akimkamata mdogo wake mkono kila anapoanza kukimbia, mara nyingine akimfinya. Mama aliona mtoto mkubwa anamwonea mdogo. Alimgombeza zaidi ya mara moja: "Mwache mwenzio acheze!" Binti alinyamaza.

Oktoba, Mama alipika maandazi akamshushia jirani sahani moja. Jirani aliipokea kwa mikono miwili, na siku ya tatu akairudisha ikiwa na machungwa madogo sita yale wanayoyaita *mikan*, na kikaratasi cha shukrani. Kwetu pwani sahani ya jirani hairudishwi tupu, na Mama alipoona machungwa yale moyo ukatulia. Alimwandikia dada yake nyumbani kwamba sasa ana jirani.

Karatasi ya tatu ilikuja Novemba, katika bahasha iliyofungwa, kwa jina la Baba. Binti aliitoa sandukuni akaifungua, akaona neno lile lile la miguu mara nne. Akaiweka ndani ya mkoba wake wa shule. Ilikaa humo siku tano. Siku ya sita, katika kipindi chake cha Kijapani, alimwonyesha mwalimu kanji mbili alizozinakili pembeni mwa daftari, akauliza zinasomwaje. Zilikuwa *keiyaku*, mkataba. Mwalimu aliuliza kwa upole amezitoa wapi, na bahasha ikatoka.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Jioni ya siku iliyofuata tulikuwa wanne katika chumba kidogo cha shule: Baba, Mama, mwalimu na mimi. Binti alikuwa chumba cha pili na mwalimu mwingine. Baba alitaka aitwe aeleze mwenyewe. Niliomba kwanza tuisome barua yote, na kwamba kuanzia siku ile mtoto asitafsiri karatasi yoyote inayohusu nyumba, fedha au ugomvi. Baba hakupenda. Alisema, "Dada, mtoto ana akili, anajua Kijapani kuliko sisi." Nilimjibu kwamba ni kweli anakijua. Lakini jambo alilotafsiri lilimpita umri, na aliyeshtakiwa ndani yake alikuwa mdogo wake.

Barua niliisoma sentensi kwa sentensi. Ilisema vishindo vya mtoto vimelalamikiwa tangu mwezi wa tano, kwamba matangazo mawili yalitolewa bila kuona mabadiliko, na kwamba hali isipobadilika kampuni italazimika kuzungumzia kuendelea kwa mkataba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Kumbe si takataka." Halafu, baada ya muda: "Amekula maandazi yangu, akaniinamia, kisha akaenda kunisemea."

Hofu kubwa ya Baba ilikuwa viza. Aliamini kwamba kufukuzwa nyumba ni hatua ya kwanza ya kufukuzwa nchini. Nilimweleza kwamba ukaazi wake unategemea masomo yake, na kwamba barua ya kampuni ya nyumba haiendi idara ya uhamiaji. Nikamweleza pia kwamba sheria ya upangaji wa ardhi na nyumba ya mwaka 1991 inamtaka mwenye nyumba awe na sababu ya haki anapokataa kuendelea na mkataba wa kawaida, kwa hiyo barua moja si notisi ya kuhama. Maneno hayo yalimtuliza. Huenda yalimtuliza kupita kiasi, kwa sababu alianza kuzungumza habari ya haki zake, na Mama ndiye aliyemkatisha: "Haki tutajua baadaye. Huyu mama halali."

Swali la pili lilikuwa nani aende kwa jirani, na lini. Mama alitaka kwenda usiku uleule, abishe hodi, aombe radhi. Kampuni iliposikia ilikataa: mambo kama haya yapitie kwao, maana majirani wakikutana uso kwa uso yanaweza kuharibika. Nilikubaliana na kampuni, nikamzuia Mama. Waliahidi kupanga mkutano. Zikapita siku 16.

Siku hizo ndizo mbaya kuliko zote katika kisa hiki. Mama alimkalisha mtoto mbele ya simu tangu asubuhi hadi jioni. Aliacha kukanda chapati kwa sababu meza inagonga. Alipokutana na jirani ngazini alishindwa kumtazama, na jirani naye, akiona hivyo, akaharakisha kuingia ndani. Tulifanya jambo moja la maana katika muda huo: tuliiomba kampuni iandike upya ile barua kwa *yasashii nihongo*, Kijapani chepesi chenye sentensi fupi na matamshi juu ya kila kanji. Aina hii ya uandishi ilianza baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995, ilipoonekana wageni walikosa taarifa za kuwaokoa kwa sababu ya lugha ngumu. Kampuni ilikubali bila shida. Barua ya ukurasa mzima ikawa mistari saba. Mama aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata, dakika ishirini.

Mkutano ulifanyika mlangoni kwa jirani, kwenye ile sehemu ya kuvulia viatu, tukiwa tumesimama. Alikuwepo mfanyakazi wa kampuni. Baba alishika boksi la vitafunio vitamu lililofungwa kwa karatasi ya duka. Mama alikuwa na sentensi moja aliyoiandika kwa herufi zetu kwenye kiganja, ameirudia njia nzima: *Shiranakute, mōshiwake arimasen deshita.* Sikujua, naomba radhi sana. Sauti ilimkwama katikati, akaimaliza.

Jirani alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akaleta kalenda. Kazi yake ilikuwa katika makazi ya wazee, zamu za usiku. Huingia alasiri na kutoka asubuhi ya pili, anafika nyumbani kama saa nne, analala mpaka saa tisa au kumi. Siku za namna hiyo zilikuwa zimezungushiwa duara jekundu, nane kwa mwezi. Mama aliangalia yale maduara, akaniambia kwa Kiswahili, "Mimi nilikuwa nawalaza watoto saa mbili usiku, nikijiuliza kelele gani." Mchana alimwachia mtoto uhuru wote, kama mtu yeyote mwenye busara ambavyo angefanya, na mchana ndio uliokuwa usiku wa jirani.

Jambo jingine lilitoka hapo mlangoni. Jirani alisema alijitahidi kumwambia mwenyewe, mara tatu, ngazini. Nilimuuliza alisemaje. Akarudia: mtoto wako ni mchangamfu. Kwake hayo yalikuwa malalamiko, tena yaliyomgharimu ujasiri. Si kila Mjapani anayesema hivyo analalamika. Bibi wa bustanini anayemsifu mtoto wako anamsifu kweli. Lakini maneno hayo yakitoka kwa mtu anayelala chini ya sakafu yako, yakirudiwa, yana uzito mwingine.

Uamuzi wa tatu ukatokana na kalenda ile. Kila mwisho wa mwezi jirani alitumbukiza nakala ya zamu zake kwenye sanduku la familia. Siku za duara, Mama alimpeleka mtoto kwenye kituo cha mji cha kusaidia malezi. Vituo hivi ni vya bure, vina ukumbi wa kuchezea kwa watoto ambao hawajaanza shule, na vipo katika miji mingi. Mama alikuwa akikipita kila alipokwenda dukani, bila kujua ni mahali gani. Mikeka minene ya kuzuia sauti iliwekwa, na miguu ya viti ikavishwa soksi. Ilisaidia kiasi.

Matokeo

Desemba na Januari hakukuwa na lalamiko. Februari mtoto alishikwa na mafua makali, akabaki ndani wiki nzima, na siku mbili za wiki hiyo zilikuwa za duara. Sakafu iligongwa mara moja. Barua haikuja. Lakini Mama alikuwa amechoka. Aliniambia, "Naishi kwangu kama mwizi." Machi walihamia kwenye *danchi*, majengo ya zege ya kupanga ya UR, shirika la umma la nyumba, ambalo halidai reikin wala mdhamini. Walichagua ghorofa ya chini. Aprili mtoto akaanza chekechea.

Gharama za kuhama zilimaliza akiba ya Baba, na fedha iliyopangwa kwa safari ya nyumbani ikaenda huko. Siku ya kuhama jirani alikuwa kazini. Aliacha mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, ndani kuna taulo mpya na viatu vya mtoto vya kuvaa ndani, vyenye soli laini.

Kwa Binti mambo hayakwenda haraka hivyo. Aliposikia mama yake anajua, alilia akasema, "Nilidhani nikiificha itaisha yenyewe." Mama alimwomba msamaha kwa kumgombeza. Kwa wiki kadhaa hakutaka kusema Kijapani mbele ya wazazi wake, hata dukani, na simu ikilia alikwenda chooni. Mwalimu wake aliona ameacha kuinua mkono darasani. Hali yake ilirudi taratibu, baada ya kuhama.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Wengi nilioongea nao kuhusu kisa hiki huanza na jirani: kwa nini hakubisha hodi akasema? Naona hapo ndipo tunapotea. Jirani alisema, kwa njia mbili anazozijua. Alisema mwenyewe kwa sentensi ya adabu, akasema kupitia kampuni kwa karatasi. Tangazo la "kwa wakazi wote" limeandikwa hivyo kwa makusudi, ili mwenye kosa ajirekebishe bila kutajwa mbele ya wenzake. Ni sitara. Lakini sitara inamfaa anayeweza kujisoma ndani ya tangazo. Mgeni huona "wote" akaamini ni wote. Familia yenye mtoto mdogo inayokaa juu katika nyumba ya mbao, ikipata karatasi ya namna hiyo, ianze kwa kujiuliza kama si yenyewe inayosemwa.

Sahani ya maandazi nimeifikiria sana. Mama hakukosea kuipeleka. Ila aliisoma sahani iliyorudi kwa macho ya pwani. Japani kurudisha zawadi, *okaeshi*, ni kulipa ili mtu asibaki na deni kwako. Inaweza kuwa mwanzo wa ujirani, na inaweza kuwa adabu peke yake. Machungwa sita hayakusema kwamba hakuna tatizo. Naamini, hata hivyo, kwamba bila sahani ile mkutano wa mlangoni usingekuwa mwepesi vile. Jirani aliyataja maandazi kabla ya kutaja kelele.

Kilichokosekana mwanzoni kabisa ni salamu ya kuhamia. Anayehamia hugonga mlango wa aliye pembeni yake na aliye chini yake, na kitu kidogo mkononi, taulo au sabuni, na kujitaja. Baba aliingia peke yake, mwanafunzi, akaona hakuna haja. Kama familia ingesimama mlangoni pale Februari na mtoto mkononi, jirani angeweza kutaja zamu zake katika mazungumzo ya kawaida, kabla hazijawa kosa la mtu.

Kosa langu ni zile siku 16. Kampuni ilikuwa na sababu: watu wamewahi kugombana vibaya kwa kukutana wakiwa na hasira. Lakini Mama hakuwa na hasira, alikuwa na radhi ya kuomba, na radhi haikai siku 16 bila kuumiza. Leo ningeiomba kampuni ruhusa ya kupeleka kikaratasi siku ileile, mistari miwili: tumejua leo, tunaomba radhi, tutakuja rasmi. Nimefanya hivyo kwa familia nyingine baadaye, na ilipokewa vizuri.

Halafu Binti. Mwishoni mwa 2024 wageni wakazi wa Japani walikuwa zaidi ya milioni 3.7, na miji mingi ina dawati la kuwasikiliza. Kiswahili hakipo katika lugha za kawaida za madawati hayo, kwa hiyo mzazi wa kwetu hujiona hana pa kwenda isipokuwa kwa mwanawe. Dawati hilo hata hivyo lina Kiingereza, na linaweza kumtafuta mkalimani, kama lilivyonitafuta mimi. Simu yenye kamera inayotafsiri maandishi hukosea maneno, lakini "kishindo cha mtoto" ingekitoa. Baba alikuwa na simu hiyo mfukoni na wenzake maabara ambao wangeisoma barua kwa dakika moja. Hakuwauliza kwa sababu karatasi za nyumbani zilikuwa na mwenyewe tayari.

Mtoto anayetafsiri hupewa pia madaraka ya kuamua wazazi wajue nini. Binti hakuyaomba. Aliyatumia kama mtoto mwenye upendo: aliwakinga wazazi wasiaibike, akamkinga mdogo wake, akajaribu kuitatua kesi peke yake kwa kutembea kwa vidole. Alipogombezwa kwa kazi hiyohiyo hakuwa na namna ya kujitetea bila kufichua siri. Mama anasema hilo ndilo linalomwamsha usiku hata sasa.

Hawakumwondolea kila kitu. Orodha ya chakula cha shule bado anaisoma yeye, kwa sababu anataka kuchagua siku za kufurahia. Dukani anaongea. Lakini bahasha ni za watu wazima. Mama anahudhuria darasa la jioni la Kijapani la watu wa kujitolea, mara mbili kwa wiki, na kanji 80 za darasa la kwanza amezimaliza. Kwenye danchi masanduku ya barua yako pamoja karibu na lango. Saa nane na nusu mchana, kabla Binti hajatoka shule, Mama huenda kuyachukua yaliyomo, husimama palepale langoni, akasoma kwanza neno moja moja analolijua.